Kuunganisha ripita za GMRS kwa intaneti: sheria ya Marekani inaruhusu nini, na ufanye nini badala yake

Kwa ripita ya GMRS nchini Marekani, intaneti inaruhusiwa kupeleka amri. Hairuhusiwi kupitisha sauti za watu. Ukilishika hilo utajua kebo ipi ing'olewe, ipi ibaki, na uende wapi kama haja yako ni kuongea kutoka jimbo moja hadi jingine.

GMRS ni huduma ya redio za upepo kwa watu binafsi na familia zao, kwenye masafa ya 462 na 467 MHz. Msimamizi wake ni FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, na kanuni zake zimo katika Kitabu cha 47 cha kanuni za shirikisho, Sehemu ya 95, kifungu kidogo E. Ripita hupokea sauti kwenye 467 MHz na kuirusha papo hapo kwenye 462 MHz, tofauti ikiwa MHz 5 kamili, ili redio ndogo ya mkononi isikike mbali. Jozi za ripita ni 8 tu kwa nchi nzima, kuanzia 462.550 hadi 462.725 MHz upande wa kurusha. Tafadhali ikumbuke hiyo nane. Ndiyo sababu hasa ya katazo tunalolizungumzia.

Hatua ya 1: Panga leseni na alama ya mwito

Huwezi kuzungumzia uhalali wa kuunganisha kabla ya uhalali wa kurusha. Fungua akaunti kwenye mfumo wa FCC uitwao CORES, upate namba ya usajili iitwayo FRN, kisha omba leseni kupitia mfumo wa leseni wa ULS ukichagua huduma yenye msimbo ZA. Hakuna mtihani. Ada ni dola 35, ilipwe ndani ya siku 10 tangu kuwasilisha ombi, na leseni hudumu miaka 10. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi.

Leseni moja inafunika mwenzi wa ndoa, watoto, wajukuu, wazazi, babu na bibi, kaka na dada, shangazi, wajomba, wapwa, watoto wa kambo, wazazi wa kambo na wakwe. Binamu hayumo, hata kama mnaitana ndugu. Yeye aombe yake. Wengi hukosea hapa: humgawia redio mtoto wa mjomba na kudhani mambo yameisha.

Alama ya mwito itajwe mwishoni mwa mazungumzo, na kila dakika 15 yakiwa marefu. Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa kwa Kiswahili. Alama itajwe kwa Kiingereza, au irushwe kwa mlio wa Morse. Ripita imesamehewa kujitambulisha yenyewe ikiwa inarudia tu redio zilizo chini ya leseni ileile ya mwenye ripita, na redio hizo zinajitambulisha ipasavyo. Ukiwaruhusu majirani wenye leseni zao kuitumia, msamaha huo haupo tena: weka kifaa cha Morse kijitambulishe chenyewe.

Hatua ya 2: Soma vifungu vinne, kwa mpangilio huu

Anza na 95.1745. Kinasema ripita, kituo cha nyumbani na kituo kisichohama vinaweza kuendeshwa kwa udhibiti wa mbali. Kinachofuata, 95.1747, kinaruhusu ripita ijiendeshe yenyewe bila mtu kukaa pembeni. Mpaka hapo mtu anaweza kufurahi na kuamini kila kitu kiko wazi.

Sasa soma 95.1749. Kifungu hiki kinakataza kuunganisha kituo cha GMRS na simu, halafu kinatoa ruhusa moja: kituo kinaweza kuunganishwa na mtandao wa simu wa umma au mitandao mingine kwa lengo moja pekee, nalo ni kukiendesha kwa udhibiti wa mbali kama 95.1745 inavyosema. Maneno yenye uzito ni hayo ya "lengo moja pekee".

Cha mwisho ni 95.1733, aya ya (a)(8). Kituo cha GMRS kisipitishe ujumbe ambao umebebwa na njia ya waya ya udhibiti na pia ukarushwa hewani na kituo hicho. Yaani waya uliovuta ili kuamrisha ripita usiugeuze kuwa bomba la maongezi.

FCC wameiweka tafsiri yao wazi kwenye ukurasa wao wa GMRS: intaneti ni mfano wa hiyo "mitandao mingine", na kuunganisha ripita ili ile iliyo nje ya upeo wa redio ya msemaji irudie maneno yake ni kuvunja 95.1733(a)(8) na 95.1749. Ripita inaweza kushikwa na mtandao kwa ajili ya udhibiti, si kwa kubeba mazungumzo. Huo ni msimamo wa mwenye kanuni, na jina la programu halibadilishi kitu. Zello, Mumble, TeamSpeak, seva ya simu ya Asterisk uliyoijenga mwenyewe: zote hapa ni bomba la sauti.

Hoja zinazoletwa kila mara, na kwa nini hazisimami

"Kiungo changu ni cha Wi-Fi, si cha waya." Hoja hii inashika neno "waya" katika (a)(8) na kuliacha neno "mitandao mingine" katika 95.1749. Vifungu hivi viwili vinasomwa pamoja. Hata ukishinda kwenye kimoja, kingine kinakusubiri.

"Kuongea kutoka mbali ni sehemu ya udhibiti wa mbali." Udhibiti ni kuwasha, kuzima, kubadili toni, kusoma hali ya mtambo. Ingekuwa kuongea ni udhibiti, aya ya (a)(8) isingekuwa na kazi yoyote.

"Wakati wa dharura yote yanaruhusiwa." Hapa tulia usome neno kwa neno. Aya ya (a)(9) inakataza ujumbe kwa vituo vya redio ya ridhaa (ile ya wapenda redio, yenye leseni ya mtihani), vituo visivyoruhusiwa na vituo vya nchi za nje, na imeandika wazi kwamba ujumbe wa dharura haumo katika katazo hilo. Aya ya (a)(8) haina msamaha wa namna hiyo. Hivyo mtu akizama mtoni unaweza kumwita yeyote anayekusikia hewani, lakini huwezi kujenga daraja la intaneti la kudumu na kuliita la dharura.

"Basi nitaunganisha kwa redio, bila intaneti kabisa." Maelezo ya FCC hayakuishia kwenye intaneti. Yanazungumzia kuunganisha ripita kadhaa ili ujumbe uvuke upeo wa redio iliyoutoa. Na kiungo cha redio ndani ya GMRS kinakula jozi nyingine kati ya zile nane.

Hapa ndipo nane inaporudi. Ripita moja ikiwa na shughuli, jozi moja imeshikwa katika mji mmoja. Ripita 20 zikiunganishwa, mtu mmoja akibonyeza kitufe anashika jozi katika miji 20, na katika miji 19 kati ya hiyo hakuna aliyemwita. Familia iliyo mlimani inayotaka kujua kijana yuko njia ipi inakuta chaneli imejaa salamu za watu walio umbali wa kilomita 1,000. GMRS ilikusudiwa mawasiliano ya karibu. Sisi tunaona katazo hili ni la haki, ingawa tunajua lilivyowaumiza waliotumia fedha na wikendi zao kujenga mitandao hiyo kwa nia njema.

Hatua ya 3: Kagua kama una daraja, hata kama hukulijenga wewe

Ripita nyingi hurithiwa. Mwenye mnara amehama, mtu wa klabu kaachia mtambo, na ndani ya kabati kuna kisanduku ambacho hakuna anayekumbuka kazi yake. Fungua kabati ukiwa na tochi, fuata kila waya.

Daraja la kawaida lina sura hii. Pembeni ya ripita kuna redio ndogo ya gari iliyowekwa masafa ya ripita hiyohiyo. Kwenye tundu lake la maikrofoni kuna kebo inayokwenda kwenye kisanduku chenye transfoma mbili ndogo za sauti, za ohm 600 kwa 600, zinazotenganisha ardhi ya redio na ardhi ya kompyuta ili kuondoa mvumo. Kutoka hapo kuna pini mbili za 3.5 mm: moja inaingia kwenye tundu la kusikiliza la kompyuta au simu ya zamani, nyingine kwenye tundu la maikrofoni. Simu hiyo iko kwenye chaja siku zote, kioo kinawaka, na Zello imewekwa ianze kurusha yenyewe ikisikia sauti.

Njia nyingine ni ya ndani zaidi: kadi ya USB ya sauti na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi vimeunganishwa moja kwa moja na soketi ya nyuma ya kidhibiti cha ripita. Tafuta nyaya nne: sauti inayoingia, sauti inayotoka, waya wa kubonyeza na waya wa kuonyesha kwamba mpokeaji amesikia mtu. Zikiwa nne zote na mwisho wake ni mashine yenye intaneti, hilo ni daraja.

Zipo dalili za hewani pia. Sauti inafika ikiwa imekatwa silabi ya kwanza: "-bari za asubuhi" badala ya "habari za asubuhi". Hiyo ni programu iliyochelewa kuamka. Au unasikia mlio wa adabu, kile kipiip cha mwisho, mara mbili, na mara ya pili kwa sauti iliyobanwa. Au ripita inajibonyeza na kujiachia kila sekunde chache bila mtu yeyote kusema.

Dalili hiyo ya mwisho inastahili kuelezwa, kwa sababu inaonyesha jinsi tatizo la kiufundi linavyogeuka kosa la kisheria. Msemaji akiachia kitufe, ripita hubaki hewani sekunde 2 au 3, kisha hutoa mlio. Daraja linaloamshwa na sauti tu haliwezi kutofautisha mlio na mtu, kwa hiyo linaupeleka mlio kwenye intaneti. Ripita ya pili inaamka, inarusha ule mlio, inaachia, inatoa mlio wake. Daraja la upande wa pili linaurudisha. Mitambo miwili inapigiana mpira usiku kucha, chaneli imeshikwa katika miji miwili, na aya ya (a)(10) inayokataza urushaji usiokoma imevunjwa wakati wenye mitambo wamelala.

Hatua ya 4: Bomoa daraja bila kuua ripita

Usianze na kuzima umeme wa kabati zima. Fuata mpangilio huu:

1. Washa redio ya mkononi kwenye masafa ya kutokea ya ripita, uwe unasikia kinachoendelea.
2. Toa waya wa kubonyeza kwanza, yaani ule unaoiamrisha ripita irushe. Kuanzia hapo hakuna sauti ya mtandaoni inayoweza kufika hewani, hata kama programu bado inakimbia.
3. Toa kebo mbili za sauti. Zibandike lebo zinazosema zilikuwa za nini, kwa sababu mtu mwingine akizikuta zinaning'inia atazirudisha.
4. Ondoa programu ya sauti kwenye kompyuta au simu hiyo. Usiizime tu: simu ikijiwasha upya baada ya umeme kukatika, programu itaanza yenyewe.
5. Futa akaunti ya daraja kwenye chaneli ya mtandaoni na ubadili nenosiri, vinginevyo mwingine ataingia kwa jina la ripita yako.
6. Kama redio ndogo ilikuwa daraja na haina kazi nyingine, itoe. Mitambo miwili ya kurusha ndani ya kabati moja huzaa joto na mwingiliano bila faida.
7. Pima upya. Bonyeza, sema, achia, uhesabu sekunde ripita inazobaki hewani. Kiwango cha sauti kikiwa kimeshuka, huenda kebo za daraja zilikuwa zikiegemea kidhibiti, kwa hiyo rekebisha kitufe cha kiwango kwenye kidhibiti, si kwenye redio.

Andika tarehe na ulichofanya kwenye daftari la mtambo. Ukiulizwa baadaye, daftari litakujibia.

Hatua ya 5: Bakisha udhibiti wa mbali, uufanye vizuri

Intaneti ya mnarani ina kazi halali na nzuri. Kinachotakiwa ni rilei moja (swichi inayoamrishwa kwa umeme) inayokata umeme wa upande wa kurusha, kipimajoto kimoja ndani ya kabati, kipima volti cha betri, na kama kidhibiti kinakubali, waya wa kubadilisha toni ya CTCSS, ile toni ya chini inayorushwa pamoja na sauti ili kuifungua ripita. Kompyuta ndogo yoyote yenye pini za kuamrisha inatosha.

Rilei iunganishwe hivi: umeme wa kompyuta ukikatika, ripita ibaki katika hali uliyoichagua kwa makusudi. Tunapendekeza izime. Ripita iliyokwama hewani bila mtu wa kuizima ni mbaya kuliko ripita iliyonyamaza.

Usiache ukurasa wa kuamrisha wazi kwa dunia nzima. Ingia kwa VPN, weka nenosiri refu, na kama mnara unatumia intaneti ya simu, kumbuka kampuni nyingi za simu hazikupi anwani ya umma. Hivyo kompyuta ya mnarani ndiyo iite nyumbani, badala ya wewe kuiita. Watu hupoteza siku nzima wakifungua milango kwenye ruta ilhali tatizo liko kwa kampuni, juu yao.

Saa ya kukata iwe kwenye ripita yenyewe, si kwenye kompyuta. Dakika 3 zinatosha mazungumzo ya kawaida. Mtu akikalia kitufe cha redio kwenye kiti cha gari, ripita itajikata hata kama intaneti imelala.

Na angalizo moja: kompyuta hiyo isiwe na kadi ya sauti iliyounganishwa na ripita "kwa baadaye". Mkaguzi akifungua kabati ataona njia ya sauti iliyo tayari, nawe utabaki kueleza nia.

Hatua ya 6: Tafuta umbali kwa antena kabla ya kutafuta intaneti

Wengi waliounganisha ripita walikuwa na ripita dhaifu. Walitaka kufika mji wa pili, kilomita 35, wakakimbilia programu ilhali dawa ilikuwa juu ya paa.

Upeo wa redio kwa kilomita unakadiriwa hivi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya ripita kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya msikilizaji, zidisha kwa 4.12. Redio ya mkononi ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, antena ya ripita ya mita 10 inakupa karibu kilomita 18. Mita 30 inakupa karibu 28. Kilima kinachokuweka mita 100 juu ya bonde kinakupa karibu 46. Majengo na miti vitapunguza, lakini uwiano unabaki. Kupandisha nguvu kutoka wati 25 hadi 50 kunaongeza desibeli 3 tu, na mpokeaji hatasikia tofauti kubwa. Wati 50 za kutokea kwenye mtambo ndizo kikomo cha ripita ya GMRS.

Kebo ndiyo mwizi mkubwa. Kwa mita 30 kwenye masafa haya, RG-58 inapoteza karibu desibeli 10: wati 50 zinaingia, 5 zinafika juu. LMR-400 inapoteza 2.7, zinafika 27. Kebo ngumu ya nusu inchi aina ya LDF4-50A inapoteza karibu 1.5, zinafika 35. Kumbuka hasara hiyo inaipata pia sauti dhaifu inayotoka kwenye redio ya mkononi, na hapo ndipo maumivu yalipo, kwa sababu redio hiyo ina wati 5 au pungufu za kuanzia.

Kwenye ripita yenye dupleksa (kichujio kinachoiwezesha antena moja kurusha na kupokea kwa pamoja) usitumie LMR-400 ingawa hasara yake ni ndogo. Ndani yake kuna karatasi ya alumini iliyogusana na wavu wa nyaya za shaba iliyopakwa bati. Metali hizo zikisuguana huku mtambo ukirusha na kupokea kwa wakati mmoja, huzaa kelele inayoingia kwa mpokeaji. Dalili yake ni mkwaruzo unaokuja upepo ukivuma. Tumia kebo ngumu juu, na RG-400 au RG-142 kwa vipande vifupi vya kabatini.

Pima uziwi wa ripita pia. Mwombe mtu asimame mahali ambapo sauti yake inafika kwa shida. Zima upande wa kurusha, msikilize kwenye mpokeaji peke yake, kisha uwashe. Akipotea unapowasha, ripita inajiziba masikio yenyewe: dupleksa imehama masafa, au kiungo kimelegea. Ukirekebisha hilo unaweza kupata kilomita ambazo hakuna programu ingekupa kihalali.

Mnara ukizidi futi 200, yaani karibu mita 61, au ukiwa karibu na uwanja wa ndege, kuna usajili wa lazima kabla ya kusimamisha chochote.

Hatua ya 7: Ukitaka kuunganisha kweli, hamia redio ya ridhaa

Redio ya ridhaa, iliyo chini ya Sehemu ya 97, inaruhusu ripita kuunganishwa kwa intaneti, na imefanya hivyo kwa miongo. Mtandao wa kuunganisha ripita wa IRLP ulianza 1997 Canada, EchoLink 2002, kisha AllStarLink iliyojengwa juu ya Asterisk. Leseni ya kwanza ni Technician: maswali 35, faulu kwa 26. Ada ya FCC ni dola 35, na wasimamizi wa mtihani wanaweza kutoza kiasi kidogo chao. Leseni ni miaka 10, na hii haifuniki familia: kila mtu na mtihani wake. Ndio ugumu wake mkubwa kwa waliozoea GMRS, na hatuoni njia ya kuukwepa.

EchoLink ndiyo nyepesi kuanza. Wanathibitisha leseni yako kabla ya kukufungulia, hivyo kila sauti unayoisikia ina alama ya mwito nyuma yake. Kwenye ruta elekeza milango ya UDP 5198 na 5199, na TCP 5200 kwa kutoka. Jaribu kwa kuita *ECHOTEST*, namba 9999, inayokurudishia sauti yako. Ukiunganishwa lakini husikii kitu, ni zile UDP mbili.

Kwa AllStarLink andaa Raspberry Pi, kadi ya USB ya sauti yenye chipu ya CM108 au CM119 iliyotolewa nyaya za kubonyeza na za kuhisi, na redio yenye soketi ya data nyuma. Elekeza mlango wa UDP 4569. Katika faili la rpt.conf weka idtime=540000, yaani dakika 9, kwa kuwa ridhaa inadai kujitambulisha kila dakika 10, si 15. Weka totime=180000 kwa kukata baada ya dakika 3. Kwa amri za kawaida za kiwandani, *3 ikifuatwa na namba ya nodi (kituo cha mtandaoni unachokitaka) inaunganisha, *1 na namba inaachanisha, *70 inasoma hali.

Usitumie kuamshwa kwa sauti. Tumia waya wa kuhisi wa redio, tena ule unaofunguka kwa toni ya CTCSS pekee, na iweke ripita ikate toni mara msemaji anapoachia, kabla ya mkia (zile sekunde inazobaki hewani) na mlio wake. Daraja linaona toni imekufa, linafunga, na mlio haupiti. Mchezo wa kupigiana mpira umekwisha kwa waya mmoja.

Usiunganishe nodi hiyo na GMRS kwa namna yoyote. Aya ya (a)(9) inakataza, na redio za ridhaa hazina idhini ya FCC ya kurusha kwenye GMRS hata kama zinafungua masafa hayo. Kwenye ridhaa kwenyewe hakuna biashara, hakuna kuficha maana kwa misimbo ya siri, hakuna muziki.

Kama shughuli yako ni kazi ya kampuni au shamba kubwa, njia ni leseni ya Sehemu ya 90, ambako vituo kuunganishwa kwa mtandao ni jambo la kawaida, baada ya masafa kuratibiwa. Na kama mnachotaka ni kuongea tu na jamaa walio mbali kwa kubonyeza kitufe, Zello kutoka simu hadi simu, au redio za laini ya simu, ni halali kabisa. Hakuna GMRS iliyoguswa, hakuna leseni inayodaiwa.

Barua ya FCC ikifika

Isome siku hiyohiyo. Itataja kituo, masafa, vifungu na muda wa kujibu. Zima daraja kabla ya kuandika neno lolote, kisha jibu ndani ya muda uliotajwa: mtambo uko wapi, uliunganishwa na nini, umefanya nini na tarehe gani. Ambatisha nakala ya daftari la mtambo. Usiandike kwamba hakukuwa na kiungo ikiwa kilikuwepo, kwa sababu maongezi ya mtandaoni yana kumbukumbu, na uongo kwa tume ni kosa jingine juu ya la kwanza.

Maofisa wakija kukagua, wafungulie. Katika viwango vya msingi vya faini za FCC, kukataa ukaguzi ni dola 7,000, sawa na kusababisha mwingiliano. Waonyeshe nyaya zilizobaki, moja baada ya nyingine: huu ni wa rilei, huu wa kipimajoto, huu wa volti.